Wawili, Pikipiki Mbili: Mwongozo wa Kuanza Safari ya Milima ya Nyanda za Juu Kusini

Kila kiangazi kikikaribia, maswali ni yaleyale. Boxer ya cc 150 itafika Makete? Tubebane au kila mtu na yake? Mlima Kitonga una kona ngapi? Tukitoka Dar alfajiri tunaweza kulala Mbeya? Majibu mafupi: itafika, kila mtu na yake, achana na idadi ya kona, na hapana, msijaribu.

Majibu marefu ndiyo haya. Nimeyaandika kwa ajili ya watu wawili wanaojua kuendesha vizuri mjini lakini hawajawahi kwenda mbali, wala hawajawahi kushuka mlima wakiwa na mzigo. Njia ninayoitumia kama mfano ni Dar es Salaam, Morogoro, Mikumi, Iringa, Makambako, Njombe, Makete, Kitulo, kisha kutokea Isyonje kuelekea Uyole na Mbeya, au kukata kwenda Tukuyu. Ukiwa na milima yako mingine, iwe Usambara au Uluguru, hatua nyingi zitabaki vilevile.

Jambo moja ulishike kabla ya yote. Wanaoanza hujiandaa kwa kupanda: wanauliza nguvu ya injini, wanabadilisha spoketi, wanatafuta pikipiki kubwa. Lakini mlima ukikushinda unapoupanda, injini itazima na utasimama. Ukikushinda unaposhuka, husimami. Kwa hiyo pesa yako ya matengenezo ianzie kwenye breki na tairi, na mafunzo yako yaanzie kwenye mteremko.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

Pikipiki mbili, na kama mna uwezo wa kuchagua, ziwe za aina moja. Hii si mambo ya mapambo. Zikifanana, tyubu moja ya akiba inatosha wote, kebo moja inatosha wote, spana ni zilezile, na fundi wa kijijini akishaifahamu moja ameifahamu na ya pili. Pikipiki zinazobeba abiria na magunia huko, Boxer na TVS, ndizo zenye vipuri hadi vijijini. Ukienda na pikipiki kubwa ya kifahari, kioo kikivunjika Njombe utasubiri basi la kutoka Dar.

Karatasi: leseni yenye daraja linalolingana na injini (zaidi ya cc 125 ni daraja A), kadi ya pikipiki, na bima iliyo hai. Kama kadi ina jina la mtu mwingine, chukua barua yake ya kukuruhusu pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Trafiki wa Iringa hamjui mjomba wako.

Vifaa, kwa wote wawili pamoja:

- Spana namba 10, 12, 14 na 17, spana ya plagi, bisibisi ya bapa na ya nyota, plaizi
- Vyuma viwili vya kubandulia tairi, pampu ya mkono, viraka na solusheni
- Tyubu ya mbele moja na ya nyuma moja
- Kebo ya klachi, kebo ya mafuta, plagi, fyuzi, globu ya taa ya mbele, kiungo cha cheni
- Oili nusu lita na chupa ndogo ya oili ya cheni
- Waya laini, mkanda wa umeme, na mipira ya tyubu iliyokatwa ya kufungia mzigo
- Tochi ya kichwani, maana pancha hupenda giza
- Bandeji, pamba, dawa ya vidonda, mkasi

Mavazi, kwa kila mmoja: kofia ngumu ya kufunika uso mzima (si ile kibuyu ya abiria), jaketi nzito, glovu, buti zinazofunika kifundo cha mguu, suti ya mvua ya vipande viwili, na reflekta. Baridi nitaisema mbele, kwa sababu watu wa pwani huwa hawaamini.

Hatua ya 1: Chagueni mwezi

Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Tukuyu hunyesha zaidi ya hapo. Udongo wa barabara za vumbi za huko ukilowa unateleza vibaya, na tope hujaa kwenye madigadi hadi gurudumu lisizunguke.

Kwa anayeanza, nendeni Septemba au Oktoba. Juni hadi Agosti pia ni kukavu, ila baridi ya Njombe na Makete ni kali, na asubuhi nyingine Kitulo huamka na sakitu (umande ulioganda) juu ya majani. Kuna mtu atakwambia maua ya Kitulo huchanua wakati wa mvua, na ni kweli: hifadhi ile iliyotangazwa mwaka 2005 watu wa huko wanaiita Bustani ya Mungu kwa sababu ya maua hayo. Safari yako ya kwanza isiwe ya maua.

Hatua ya 2: Kaeni chini mpatane

Fanyeni hivi kabla hamjanunua hata plagi. Marafiki wengi hawagombani kwa sababu ya barabara, wanagombana kwa sababu mmoja alidhani na mwingine alidhani.

Kubalianeni haya, ikibidi muandike: mwendo wa juu kabisa ni upi; saa ngapi jioni mnasimama hata kama mji ulio mbele "ni hapo tu"; nani anashika pesa ya mafuta; nani analipa pikipiki ikiharibika; mmoja akiugua mwingine anarudi naye au anaendelea. Na kubwa kuliko zote: aliyechoka ndiye mwenye kauli. Akisema tulale hapa, mnalala hapa, hakuna kumbembeleza wala kumcheka.

Mwendo upangwe na aliye mpole kati yenu. Aliye mwepesi akilazimisha mwendo wake, mwenzake atamfuata kwa woga, na mtu anayeendesha kwa woga huingia kwenye kona akiwa ameangalia taa ya nyuma ya mwenzake badala ya barabara.

Hatua ya 3: Tengenezeni pikipiki wiki mbili kabla, si jana yake

Kosa la kawaida: pikipiki inatoka kwa fundi saa 2 usiku, safari ni alfajiri. Nati iliyosahauliwa kukazwa utaijulia Chalinze.

Mwambie fundi akufanyie haya, na usimame hapohapo ukiona:

a) Breki shu mpya mbele na nyuma, na ngoma isafishwe vumbi. Kama mbele ni diski, pedi mpya na kimiminika kipya.

b) Tairi zote mbili zenye meno ya kutosha. Ukishaanza kujiuliza kama zinatosha, hazitoshi.

c) Cheni na spoketi. Zikibadilishwa, zibadilishwe zote kwa pamoja; cheni mpya kwenye spoketi iliyochongoka haidumu. Ulegevu katikati ya cheni uwe kama sentimita 2 hadi 3, na upimwe mzigo ukiwa juu.

d) Oili mpya, eya klina isafishwe, plagi iangaliwe.

e) Beringi za magurudumu na za usukani. Inua gurudumu, litikise kushoto na kulia. Likicheza, beringi.

f) Spoku zote zikazwe. Karia iangaliwe kama haina ufa kwenye kiungio, maana ndiyo itakayobeba mzigo kwenye makorongo.

Msimruhusu fundi aongeze spoketi kubwa ya nyuma "ili ipande vizuri" bila sababu. Gia mlizonazo zinatosha kupanda Kitonga, mradi mkubali kupanda taratibu.

Baada ya hapo, fungeni mzigo wote kama siku ya safari na mfanye jaribio la kwenda na kurudi kwa siku moja: Pugu na Kisarawe kama mko Dar, kuna vilima vya kuanzia. Mkirudi, kazeni nati zote tena.

Hatua ya 4: Fungeni mzigo chini na mbele

Mzigo mzito, yaani spana, tyubu na maji, ukae karibu na kiti na chini. Nguo juu. Ukiweka vitu vizito nyuma kabisa ya karia, gurudumu la mbele litakuwa jepesi wakati wa kupanda na usukani utacheza.

Kuhusu mvua: mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2019, na hata ingekuwapo isingefika Morogoro. Tafuta salfeti ya mbolea yenye nailoni ndani, ioshe vizuri, weka nguo humo, kunja mdomo, funga. Hakuna begi la bei mbaya linaloishinda.

Gawaneni vifaa. Aliye nyuma abebe spana na pampu, kwa sababu akiharibikiwa yeye wa mbele hatajua haraka, lakini akiharibikiwa wa mbele, wa nyuma atamfikia tu.

Upepo wa tairi uongezwe kidogo kwa sababu ya mzigo. Fuata kibandiko kilichopo kwenye pikipiki yako au kitabu chake, sehemu iliyoandikwa kwa ajili ya watu wawili.

Hatua ya 5: Gaweni njia kwa siku

Siku ya kwanza: Dar hadi Mikumi mjini, takriban km 310. Tokeni saa 11 alfajiri ili foleni ya Kibaha iwakute mmeshapita. Morogoro mnakula, mnapumzika, mnakagua cheni. Barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takriban km 50, na hapo msiingie jua likiwa limeelemea. Tembo, nyati na twiga huvuka barabara bila kuangalia kushoto wala kulia. Mwendo ni ule wa kibao, na ukigonga mnyama kuna faini, kama utakuwa mzima wa kulipa. Msisimame kupiga picha. Gari lina milango, nyinyi hamna.

Siku ya pili: Mikumi hadi Iringa, takriban km 200. Mtapita Ruaha Mbuyuni penye joto na vitunguu kando ya barabara, kisha Kitonga, kisha Ilula penye nyanya.

Siku ya tatu: Iringa, Mafinga, Makambako, Njombe. Ni lami, na baridi inaanza kuuma baada ya Mafinga.

Siku ya nne: Njombe hadi Makete, kama km 110. Ni fupi, na iwe hivyo. Barabara ina lami lakini ina kona, na malori ya mbao na viazi hayapungui.

Siku ya tano: Makete, Kitulo, Isyonje, hadi Uyole au Tukuyu. Kilomita si nyingi lakini tarajieni kokoto, vumbi na vipande vibovu. Ipeni siku nzima. Hii ni njia ya umma, ila mkitaka kuingia njia za ndani ya hifadhi, ulizeni langoni kwanza.

Siku ya sita pumzikeni. Kama miguu inawasha, Ziwa Ngosi na Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira haviko mbali na Tukuyu. Siku ya saba ndiyo muanze kurudi.

Kila mkifika penye sheli, na tangi limeshuka nusu, jazeni. Pikipiki ya cc 150 hula lita moja kwa km 35 hadi 50 kulingana na mlima na mkono wako. Huko juu kuna vijiji vinavyouza mafuta ya chupa. Yakaguliwe kwa jua kama hayana maji chini, na yachujwe kwa kitambaa. Kuweni na noti ndogo, maana mtandao wa simu ukikata, pesa ya simu nayo imekata.

Hatua ya 6: Endesheni kama wawili, si kama kundi wala kama mmoja mmoja

Aliye mpole awe mbele. Wa nyuma amwangalie mwenzake, na wa mbele aangalie kioo kila baada ya kona kadhaa.

Kwenye barabara iliyonyooka, mmoja akae upande wa kulia wa njia yenu, mwingine kushoto kwake na nyuma. Kwenye kona, msururu mmoja, na nafasi iongezeke.

Kila njia panda, wa mbele asimame hadi amwone wa nyuma kwa macho yake. Sheria hii peke yake itawaokoa na kupotezana, hata Kitulo ambako simu hukata.

Mkimpita lori, kila mtu afanye uamuzi wake. Wa mbele akishapita haina maana kuwa na wewe umeshapita. Madereva wa malori ya Tunduma huwasha indiketa ya kushoto kukuambia pita, ya kulia kukuambia subiri kuna gari mbele. Ni uungwana wao, lakini lori haliwezi kuona kila kitu, na huenda tu dereva anataka kukata kulia. Angalia mwenyewe. Na mkikuta matawi ya miti yamelazwa barabarani, punguzeni papo hapo: mbele kuna gari limekufa, mara nyingi baada ya kona.

Vijijini ni km 50 kwa saa. Tochi za trafiki za kupima mwendo zinapenda mahali barabara inapoteremka kuingia kijijini.

Hatua ya 7: Kupanda

Hapa sina mengi. Punguza gia mapema, kabla injini haijaanza kukohoa. Usikamatie klachi nusu nusu. Utaiunguza, na harufu yake utaijua. Kaa mbele kidogo kwenye kiti. Kaa nyuma ya lori kwa umbali wa kutosha, kwa sababu lori lililoshindwa katikati ya Kitonga linaweza kurudi nyuma kabla halijafungiwa breki na kuwekewa mawe.

Injini ikizima katikati ya mlima: breki ya mbele na ya nyuma kwa pamoja, mguu wa kushoto chini, klachi ndani, washa, gia namba moja, mafuta kidogo, achia klachi taratibu ukiachia breki ya nyuma mwishoni. Lifanyieni mazoezi kwenye kilima cha nyumbani.

Pikipiki ya kabureta hupoteza nguvu kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kwenda juu. Kitulo iko karibu mita 2,600, kwa hiyo karibu robo ya nguvu itakuwa imebaki pwani. Haijaharibika. Usimruhusu mtu aifungue kabureta huko juu, kwa sababu mkishuka Kyela au Morogoro itakuwa inapata mafuta machache kuliko hewa na itachemka.

Hatua ya 8: Kushuka

Somo hili lisomeni mara mbili.

Kitonga ambayo kila mtu anaiogopa, ukitokea Dar unaipanda. Utaishuka siku ya kurudi, umechoka, unawaza nyumbani, na breki zimeshafanya kazi wiki nzima. Ndiyo maana wakati wa kurudi mlale Iringa na muishuke asubuhi, si jioni mkitokea Mbeya kwa mkupuo.

a) Simameni juu, kabla mteremko haujaanza. Bonyeza breki zote mbili. Gusa cheni. Kazeni mzigo uliolegea, maana sasa utawaegemea mgongoni.

b) Chagua gia ukiwa bado juu. Gia uliyopandia mlima wa namba ile ndiyo ya kushukia: ya tatu, mara nyingi ya pili. Ukiachia mafuta, injini yenyewe itashika pikipiki.

c) Usiweke nyutro. Usizime injini. Najua bodaboda wengi hufanya hivyo kuokoa mafuta, na kwenye kamteremko ka mtaani hakuna kitu. Kwenye mteremko wa kilomita kadhaa unabaki na breki peke yake, na breki peke yake hupata moto hadi zinaacha kushika.

d) Breki ziminywe na kuachiwa, ziminywe na kuachiwa. Usipumzishe mguu juu ya pedali ya breki njia nzima. Hilo ndilo kosa ninaloliona kuliko yote, na anayelifanya mwenyewe hajui; wa nyuma ataliona kwa taa nyekundu isiyozimika. Mpigie honi asimame.

e) Punguza mwendo kabla ya kona, usipunguze ndani yake. Ukiwa ndani, tazama kona inapoishia. Kaa upande wako wa kushoto na usikaribie mstari wa katikati, kwa sababu lori refu linalopanda huhitaji nafasi, na kichwa chake hutokea upande wako.

f) Kwenye kona za malori angalia madoa meusi yanayong'aa. Ni dizeli au oili. Yakipata manyunyu kidogo, huwa kama sabuni. Pita pembeni yake pikipiki ikiwa imesimama wima.

g) Kwenye kokoto, tumia zaidi breki ya nyuma, na ya mbele kwa vidole viwili tu. Usukani usiukabe; uache utikisike.

h) Ukisikia harufu ya kuungua, au pedali imezama kuliko kawaida, simama sasa. Subiri ngoma ipoe yenyewe. Usimwage maji, kwa sababu chuma cha moto kikimwagiwa maji kinaweza kupasuka au kupinda.

Njia ya Chimala kupanda Matamba, ile nyingine ya kufika Kitulo, inayojulikana kwa kona zake hamsini na saba, ni nzuri sana na picha zake zinawavuta watu. Maoni yangu: mara ya kwanza ipandeni, msiishuke. Wanaotoka Kitulo wakiwa na mzigo na hawajawahi kushuka mlima, watokee Isyonje.

Hatua ya 9: Baridi na ukungu

Mtu aliyezaliwa Tanga au Temeke huandaa jaketi moja. Ukiendesha km 60 kwa saa kwenye hewa ya Makete asubuhi, vidole vinakufa ganzi na huhisi tena klachi wala breki. Hiyo ni hatari ya breki, si suala la starehe.

Vaa nguo tatu nyembamba badala ya moja nzito. Weka gazeti kifuani chini ya jaketi. Suti ya mvua ivaliwe hata kama hakuna mvua, inazuia upepo. Ndani ya glovu vaa glovu nyepesi za nailoni. Msianze kabla ya saa 3 asubuhi. Wacheni ukungu upande.

Ukungu ukiwakuta njiani: taa ya chini, si ya juu, mwendo wa kukuwezesha kusimama ndani ya umbali unaouona. Usipoweza kuona, toka kabisa nje ya barabara ndipo usimame.

Na ulanzi, pombe ya mianzi ambayo mtaiona ikiuzwa Iringa hadi Njombe, unywewe gesti, pikipiki ikiwa imefungwa. Unapanda taratibu na kumdanganya mgeni.

Ikitokea hivi, fanya hivi

*Haiwaki asubuhi.* Vuta choki, piga kiki mara kadhaa bila kugusa mafuta, kisha jaribu selfu. Ikigoma, toa plagi, ikaushe, irudishe. Usiisukume kuanzia mteremkoni ukiwa peke yako kwenye barafu ya asubuhi.

*Inapanda bila nguvu na moshi ni mweusi.* Hewa ni nyepesi, injini inapata mafuta mengi kuliko hewa. Safisha eya klina, panda gia ndogo. Ikishuka chini itapona.

*Cheni inaruka au inapiga kelele.* Imelegea, au spoketi imeisha. Ikaze kidogo na upake oili. Usiikaze ikawa kama uzi wa gitaa, itakatika au itaua beringi.

*Pancha.* Kabla hujaweka tyubu mpya, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi utafute msumari au mwiba. Wengi hubadilisha tyubu na kuacha msumari ndani.

*Klachi imekatika na mko mbali.* Washa injini ukiwa kwenye nyutro, sukuma, ingiza gia namba moja huku unakimbia, panda. Ni kwa tambarare tu. Mlimani badilisheni kebo hapohapo, ndiyo sababu mmeibeba.

*Mmepotezana.* Usirudi ukimtafuta huku naye akikutafuta. Wa mbele arudi hadi njia panda ya mwisho akae hapo. Wa nyuma aendelee hadi njia panda inayofuata.

*Mnauliza njia na kila mtu anasema karibu.* Usiulize "ni mbali?" Salimia kwanza, "Shikamoo baba" au "Kamwene" kwa Wahehe na Wabena, kisha uliza: "Leo pikipiki imepita huku? Ilitoka saa ngapi?" Muulize bodaboda wa hapo, si mwenye duka. Yeye ameipita asubuhi.

*Mwenzako ameanguka.* Simamisha pikipiki yako mahali salama, weka matawi barabarani pande zote mbili, mtu asimame kuzuia magari. Akilalamika shingo au hajitambui, usimvue kofia ngumu wala kumkalisha, isipokuwa kama hapumui. Damu ibanwe kwa kitambaa kwa nguvu. Piga 112. Kama simu haina mtandao, mpe ujumbe dereva wa gari la kwanza linaloelekea mjini, na ukariri namba ya gari lake.

*Mmoja amechoka au pikipiki imekufa kabisa.* Pakieni kwenye Fuso. Malori yanayopeleka mbao, viazi na parachichi mjini hubeba pikipiki mara kwa mara, na kutoka Makambako au Iringa hamtakosa. Fungeni bomba la mafuta, simamisheni pikipiki wima, gurudumu la mbele likikandamizwa kwenye ubao wa mbele wa bodi, na kamba nne zivutwe kushuka chini kwa pembe, mbili mbele na mbili nyuma, shokapu zikiwa zimebonyea kidogo. Wekeni gunia kati ya kamba na tangi ili rangi isichubuke. Vioo vitolewe. Bei mpatane kabla pikipiki haijapandishwa juu.